Majina Matatu Kwenye Ndoo ya Doreen

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kambi ya nne imenikataa. Ya nne! Watu wa Kisiwa cha Vancouver wana dharau. Ninachoomba ni kidogo: mahali pa kuegesha gari-nyumba letu karibu na bahari, penye umeme na maji, Novemba mpaka mwisho wa Aprili, kwa bei ya binadamu. Binti wa kwenye simu akauliza gari ni la mwaka gani. Nikamwambia tisini na nane. Akasema gari lililozidi miaka kumi hawalipokei, linaharibu mandhari. Nikamuuliza kama na mimi naharibu mandhari, maana nina hamsini na nne. Akakata.

Gari lina kitanda, jiko, choo, na mapazia aliyoshona Sultana mwenyewe. Mandhari gani tena wanataka?

Zimebaki siku ishirini na tano. Nyumba yetu hapa Agincourt, upande wa pili wa nchi, nimeshaipangisha. Léonard na mkewe Spéciose, Warundi, watu wa kanisa, wanaingia tarehe mosi Novemba. Tumetia saini. Sisi tunatoka. Kwenda wapi, sijui.

Sultana anadhani najua. Kosa ni la kaka yake, Shamir. Agosti, kwenye chakula kwake Mississauga, aliitangazia meza nzima kwamba nafasi za pwani huchukuliwa mwaka mmoja kabla, na shemeji yake amechelewa kama kawaida. Damu ikachemka. Nikasema nimeshapata nafasi tangu Juni. Mbele ya bahari kabisa. Sultana akanishika mkono chini ya meza. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na tangu tulipofika nchi hii anachoomba ni kimoja: aamke siku moja asikie mawimbi, sio gari la kukwangua theluji.

Ningesema nini baada ya hapo?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata! Karibu nipate. Kambi ndogo ya mama mmoja, Doreen. Bei ya mwezi nafuu, bahari iko hatua arobaini, na umri wa gari haumshughulishi. Tatizo ni kwamba ana nafasi tatu na waombaji sitini. Kwa hiyo huandika majina kwenye vikaratasi, huvitia kwenye ndoo, na huchota vitatu. Atachota tarehe ishirini.

Ndoo! Mimi, niliyesimamia ghala la watu miaka kumi na tisa, maisha yangu yaamuliwe na ndoo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekumbuka sukari.

Tanga, miaka ile ya themanini, sukari ilikuwa ya foleni, na kila nyumba kilo moja. Mama alitutawanya. Mimi mbele, dada katikati, mdogo wetu nyuma, kila mtu na kikapu chake na jina lake la kubuni. Amri ilikuwa moja: hatujuani. Ukiulizwa na mwenye duka, yule pale simjui. Tulirudi na kilo tatu. Mara moja tu mdogo wetu aliniita kaka mbele ya kaunta, tukarudi na vikapu vitupu, naye akalia njia nzima kwa makofi ya mama. Sultana alikulia mtaa wa pili na foleni yake ilikuwa hiyo hiyo. Kila mtu alifanya. Haukuwa wizi, ilikuwa akili.

Basi nimetuma fomu tatu. Jina langu. La Sultana, ambaye bado anatumia jina la baba yake, namshukuru Mungu. Na la mama mdogo Faudhia wa Don Mills, miaka themanini na nane. Kila fomu nimejaza mtu mmoja peke yake, ili wasionekane ndugu. Chini wameandika kwamba familia moja ni jina moja, na atakayedanganya hatakanyaga kambini milele. Maneno ya kutisha watoto.

Barua pepe zote tatu nimefungua mimi. Namba za simu nimeweka za kwao kweli, maana fomu ilikataa kurudia namba. Nani hupiga simu siku hizi?

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu kwa Shamir. Akauliza jina la kambi mara tatu. Nikasema nitamtumia picha tukifika. Akasema yeye angekuwa mimi, angemwonyesha mkewe risiti. Halafu akanieleza jinsi ya kuendesha gari-nyumba kwenye barafu. Mtu ambaye gari lake kubwa kabisa ni la kubebea mboga! Akamwambia dada yake, kwa Kiswahili ili watoto wake wasielewe, kwamba siku yoyote akihitaji dereva wa kweli, yeye yupo. Watoto walielewa. Walicheka kwa Kiingereza.

Njiani kurudi Sultana aliimba. Nilikasirika zaidi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya ndoo. Nimefungua barua pepe yangu: kimya. Ya mama mdogo: kimya. Ya Sultana haifunguki. Neno la siri nililiandika nyuma ya bahasha, na bahasha Sultana ameipeleka kwenye taka za karatasi. Nyumba hii haina heshima kwa nyaraka.

Jumanne, 21 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio ili ijulikane nani mkosaji.

Saa nne asubuhi Doreen alimpigia simu mama mdogo Faudhia. Inaonekana yeye huwapigia baadhi ya waombaji kuhakikisha ni watu kweli. Mama mdogo akafurahi kupata wa kuzungumza naye. Akamwambia kwamba yeye haendi popote, magoti hayamruhusu, lakini Malek ni mtoto wa dada yake, mtoto mzuri, mjanja tangu Tanga, bila shaka yeye ndiye aliyemwandikisha. Akampa na historia ya sukari. Yote. Na kicheko.

Saa nne na nusu nikapata barua: jina langu limefutwa, na nisionekane langoni kwa Doreen, sio kwa siku moja wala kwa chai.

Saa tano simu ya Sultana ikalia jikoni. Nikajua. Nikasimama mlangoni nikimpungia mikono. Sultana akasikiliza kwa muda mrefu. Doreen alikuwa anamwambia kwamba jina lake limetoka kwenye ndoo. Kisha akamuuliza kama anamfahamu mtu anayeitwa Malek.

Sultana akaniangalia. Akasema hamjui. Doreen akauliza tena. Akasema hajapata hata kulisikia jina hilo.

Bila kupepesa! Mara ile nilimpenda kuliko siku ya harusi. Mtoto wa foleni ni mtoto wa foleni. Alipoweka simu nikamkumbatia, nikamwambia tumeshinda.

Akauliza ile nafasi ya Juni iko wapi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeeleza. Nimeeleza vizuri sana, karibu saa nzima. Sultana hakufoka. Ningependa afoke. Alisema tu kwamba miezi miwili amewaambia wanawake wote pale Wynford, tunakosali, kwamba mume wake amempatia bahari.

Nikampa mpango: ampigie Doreen, aseme ameolewa wiki hii na bwana mwenye jina linalofanana na langu. Akasema fomu inasema mtu mmoja peke yake. Nikasema fomu nilijaza mimi. Akasema anajua, mwandiko wa kudanganya anaufahamu hata kwenye kompyuta.

Nikamwambia basi asiende. Tutafute kambi nyingine pamoja. Akatazama dirishani kwenye majani yaliyooza. Kisha akasema atakwenda.

Jumapili, 26 Oktoba

Wameondoka. Gari liko kwa jina la Sultana, kwa sababu bima yangu ilipanda baada ya ule mkasa wa kugonga geti la maegesho. Dereva ni Shamir. Atamfikisha, atalala siku mbili, atarudi kwa ndege. Alirekebisha kiti changu mbele ya macho yangu. Akapiga honi akipita kwa jirani. Honi yangu!

Sultana aliteremsha kioo, akanipa chapati kumi kwenye foili na orodha ya dawa zangu za presha. Nilitaka kusema samahani. Nikasema wasitie mafuta barabara kuu, ni ghali. Akasema sawa.

Jumamosi, 1 Novemba

Léonard na Spéciose wamehamia. Watu wema. Spéciose alinikuta nimekaa sebuleni na sanduku langu, akauliza kama Papa Malek anasubiri teksi. Nikasema ndiyo. Saa tatu baadaye alileta wali na maharage, akasema chumba cha chini kiko wazi, mpaka teksi ije.

Kwa hiyo mimi ni mpangaji nyumbani kwangu. Nakatazwa kuvaa viatu kwenye zulia nililonunua mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

Sultana amepiga simu. Hakusema mengi. Aliweka simu dirishani akaniacha nisikilize. Mawimbi. Dakika tano nzima nilikaa kwenye ngazi za chini na simu sikioni, sikuwa na hasira na mtu yeyote. Kisha nikasikia mtu anakohoa. Shamir! Siku mbili zimeisha zamani. Anasema Doreen amempenda, amemruhusu akae mpaka amalize kutengeneza paa la ofisi.

Tangu lini anajua paa?

Jumamosi, 22 Novemba

Habari njema hatimaye. Kambi nyingine, kilomita mbili tu kutoka kwa Doreen, itachota nafasi mbili za Januari. Huyu mwenye kambi anatumia kofia. Kofia ni ndogo kuliko ndoo, nafasi ya kushinda ni kubwa. Gari nitatafuta baadaye.

Nimetuma fomu sita. Léonard, Spéciose, mtoto wao Divin ambaye ana miezi minane na hawezi kuropoka, na wengine. Mama mdogo Faudhia nimemfundisha kwa simu: hatujuani. Amerudia vizuri, kisha akasema kwaheri mwanangu.

Fomu ya kwanza kabisa nimejaza jina la Sultana. Yule mwanamke ana bahati.