Ombi la Kuondolewa Roboti Kabla Haijaniponya Mkono

Mjini Asante Mampong,
Jumatatu.

Kwa Daktari Asubonteng,
Mkuu wa Idara ya Mazoezi ya Viungo.

Mheshimiwa Daktari,

Mimi ni Adu Twumasi, karani mstaafu wa mahakama na mgonjwa wako wa kiharusi, upande wa kulia. Barua hii inaandikwa na mke wangu, Pomaa, kwa kuwa mkono wangu wa kuandikia ndio huo mnaohangaika nao. Mwandiko ni wake, hasira ni zangu. Nimemwagiza aandike kila neno kama ninavyolitamka, asinipambe wala asinipunguze.

Idara yako ilinikopesha roboti ya kuvaa mkononi kama glavu, pamoja na skrini yake, nifanyie mazoezi hapa nyumbani. Kwa nia hiyo nashukuru. Sasa naomba mje muichukue, na sababu zangu ni hizi.

1. Roboti haina adabu. Skrini inaonyesha machungwa, nami nafumba vidole kana kwamba nayachuma, kisha sauti ya mwanamke inasema, "Vizuri sana, jaribu tena." Mimi niliyekuwa nikiita majina mahakamani watu wazima wakalowa jasho, leo nasifiwa kwa kushika chungwa ambalo halipo. Tena hicho Kitwi chake, lugha yetu hii, ni cha watu wa pwani, kila neno la tatu Kiingereza. Nilimuuliza Nhyira, yule binti yenu anayekuja kunikagua, kama nchi nzima alikosekana Mwasante mwenye sauti. Akacheka. "Baba, wewe chuma machungwa. Habari za lafudhi tutazungumza ukishapona."

2. Roboti ni mbea. Kila nifanyalo linafika hospitali jioni ile ile kwa njia ya simu. Siku moja nilikuwa na uvivu, ambao kwa mstaafu ni haki, nikamvisha Pomaa hiyo glavu huku akitazama mchezo wake kwenye televisheni. Alichuma machungwa yangu yote na pengine ya mgonjwa mwingine. Kesho yake Nhyira akapiga simu. "Hongera Baba, umefanya maajabu. Ila naona vidole vimekuwa vifupi ghafla." Nikamwambia ni dawa. Akasema, "Basi dawa hiyo mwachie Mama, wewe rudi kazini." Sijapata kuona mtu anachongewa na glavu yake mwenyewe.

3. Hili ni zito. Daktari, wewe ni mtu wa hapa hapa, unajua kwetu mkono wa kushoto hausalimii, haupokei, wala hauelekezi mtu njia. Zamani ningemnyooshea mtu mkono huo, ukoo wake wote ungekuja kuniuliza wamenikosea nini. Lakini tangu niugue nimepata uhuru ambao hata chifu hana. Diwani wetu, yule aliyetuahidi mtaro tangu mvua za mwaka juzi, nimempa mkono wa kushoto mbele ya umati. "Uniwie radhi, Mheshimiwa, ni maradhi." Akaupokea, akautikisa, akaniombea afya. Kwenye matanga ya mjomba wa Pomaa nilisalimia mstari mzima wa wakwe zangu, wale waliosema siku ya ndoa kwamba sitafika popote, mmoja baada ya mwingine, kwa kushoto. Nilipofika mwisho nilitamani kuanza upya. Mkinirudishia mkono wa kulia, watu hawa nitawatukana kwa kisingizio gani?

4. Chakula. Ugali wetu wa fufu hauliwi kwa kushoto, na kuula kwa kijiko ni kuuvunjia heshima, kwa hiyo Pomaa hunilisha. Zamani aliweka bakuli mezani akaenda zake kwaya. Siku hizi anakaa, anamega, anachovya kwenye mchuzi wa mbuzi, na akisubiri nimeze ananipa habari za mtaa, anaigiza mpaka mwendo wa mchungaji. Tumeoana tangu tukiwa na meno yote, nami sikujua kama mwanamke huyu anachekesha hivi. Wiki iliyopita kidole gumba kiligusana na cha shahada. Akaona. Akaweka bakuli chini akasema, "Haya mzee, jilishe." Hasara hiyo idara yako imeifikiria? (Anayeandika anacheka. Nimemwambia asiandike kwamba anacheka, naye ameandika.)

5. Naambiwa hili ni la tano, mimi nilidhani ni la nne. Mwanangu Bonsu amepata mtoto wa kiume Alhamisi iliyopita. Alhamisi hii, alfajiri, mtoto atatolewa nje apewe jina, na jina lenyewe ni langu. Babu ndiye anayechovya kidole cha shahada katika maji akamdondoshea mtoto ulimini, kisha akachovya katika pombe kali akamdondoshea tena, ili akue akijua kutofautisha hili na lile. Kidole ni cha kulia. Cha kushoto hakiingii kinywani mwa mtoto, babu awe nani.

Mkono ulipokuwa umekufa kabisa, mambo yalikuwa shwari. Kazi hiyo angeifanya mdogo wangu Brenya, ambaye kwa upande wa pombe ana uzoefu wa kutosha, maji ndiyo yangempa taabu. Jumamosi alikuja akakalia kiti changu. "Kaka, wewe pumzika. Mtoto nitampa jina mimi, wewe utakaa pale upokee pongezi kwa huo huo mkono ulionao." Nikamwambia sawa. Na wewe nakwambia sawa, sina kinyongo.

Lakini Nhyira kaja, kaangalia skrini yake, kamwambia mkwe wangu, mke wa Bonsu, kwamba kidole cha shahada kinaanza kuitika. Tangu hapo nyumba haikaliki. Mkwe ananitazama kidole kama mtu anayechungulia maziwa jikoni. Daktari, mimi naogopa. Nitasimama mbele ya ukoo, mtoto kafungua kinywa, na kidole kitatetemeka kiishie njiani. Ndipo huyo mtoto atabeba maisha yake yote jina la mzee aliyeshindwa kumfikia. Hilo silitaki. Afadhali mkono uliokufa, ambao haudaiwi kitu.

Kwa hiyo naomba: roboti iondolewe kabla ya Alhamisi. Pili, nipewe cheti chenye mhuri mkubwa, kwamba mkono wangu wa kulia hautapona na kwamba wa kushoto unaruhusiwa matangani, kanisani na kwa madiwani wote. Tatu, Nhyira ahamishiwe kwa wagonjwa wasio na skrini, maana matumaini anayogawa hayana kipimo.

Wasalimie wauguzi wote, yule mlinzi wa getini aliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu akiniita "kijana", na mpishi wenu pia, ingawa uji wake ulikuwa majimaji.

Ni mimi, kwa mkono uliobaki,
Adu Twumasi
(dole gumba la kushoto)

Nyongeza. Daktari mwanangu, mzee ameshaweka dole na amekwenda kuoga. Sasa nasema mimi, Pomaa. Msije kuichukua hiyo roboti. Tangu Brenya akalie kile kiti, mzee wangu haivui. Namsikia huko ndani anabishana na yule mwanamke wa machungwa, "Hilo nimelishika, hesabu vizuri." Umtume Nhyira aje leo au kesho akaze mkanda wa kidole cha shahada, umelegea kwa kutumika.

Jana nilirudi kutoka sokoni kuchukua mwavuli. Nikachungulia dirishani, nikamkuta amekaa na kikombe cha maji, na mwanasesere wa binti wa jirani amempakata mkono wa kushoto. Hakuniona, nami sikuingia. Nililia nikaenda zangu. Jioni nilimwangalia yule mwanasesere: kalowa macho, kalowa shingo, gauni zima chapachapa. Leo asubuhi nimemwangalia tena. Amelowa mdomo tu.