Vita vya Ubao wa Kioo na Mhadhara wa Mwaka 1886

Sogeeni, enyi wenye masikio na muda wa kupoteza, wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, hata nyinyi mliokuja Idara ya Historia kuulizia matokeo ya mtihani. Sogeeni msikie habari za Abdulhakim bin Hamid, bingwa wa tanbihi, simba wa marejeo, mtoto wa fundi cherehani aliyesomeshwa hadi akawa daktari asiyeweza kutibu hata mafua. Msiulize nimezipata wapi habari hizi. Abdulhakim huyo ni mimi.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, na saa nne ningetoa mhadhara wangu wa kwanza baada ya miaka saba. Ule wa kabla yake ulihudhuriwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa anasubiri mvua ipungue. Safari hii nilijipanga. Mada niliiita "Kuaminika kwa Tarehe katika Nyaraka za Zamani". Tangazo nililichapa kwa mkono wangu mwenyewe, nikalitundika Jumatatu ndani ya ubao wa kioo wa Idara, nilioukuta wazi, na kubana kufuli. Asubuhi hiyo nikapita mbele yake kwa hatua za sultani anayekagua jeshi, nikainua macho kulisoma, nikarudi hatua mbili nyuma kulisoma tena. Tangazo lilisema: Jumatano, tarehe 12 Novemba 1886.

Mkono huu umekwisha kuandika 1886 mara elfu. Ndio mwaka unaochunguzwa na tasnifu yangu, na nimeishi humo kuliko nilivyoishi nyumbani kwangu. Mkono ulipofika penye mwaka, ukaenda ulikozoea. Pembeni ya kioo mwanafunzi fulani alishabandika kijikaratasi: "Tumechelewa."

Ningalicheka na mimi, lau si Bi Thuwaiba. Bi Thuwaiba, mwalimu wangu, malkia wa karne ya kumi na tisa, aliyestaafu miaka kumi iliyopita na bado anaogopwa hata na makabati, alikuwa ameahidi kuja. Ndiye aliyewahi kunirudishia insha ya kurasa thelathini kwa sababu ya tarehe moja, ameandika juu yake kwa wino mwekundu: "Sikuendelea kusoma." Tangu siku ile nimetaka jambo moja tu, mama huyu anisikilize hadi mwisho. Na njia ya kuingilia ukumbini ilipita mbele ya ubao ule.

Nikamwendea Bi Bashira, karani wa Idara, mlinzi wa hazina, nikasimama mlangoni nikanena:

"Ewe Bi Bashira, mwenye funguo za milango yote! Heshima ya Idara imo hatarini, na jina langu laning'inia kiooni mbele ya halaiki. Nifungulie ubao, nami nitakutaja katika shukrani za kitabu changu kijacho!"

"Kitabu kijacho nnakisikia tangu mwanangu yuko chekechea, na sasa yuko kidato cha pili," akajibu, macho yamo kwenye chai yake. "Funguo hizo hapo, Dokta. Upi wa ubao, mie sijui. Nimezikuta hivyohivyo."

Zilikuwa ishirini na saba katika kipande cha waya, na hata mmoja haukuwa na jina. Sisi ndio Idara inayowafundisha watu kuhifadhi kumbukumbu.

Nikakunja mikono ya shati, nikashuka uwanjani. Kufuli lilikuwa limekula chumvi ya upepo wa bahari miaka mingi, nalo halikuwa na haraka. Ufunguo wa kwanza ukaingia, ukakataa kuzunguka. Wa pili haukuingia. Wa tano ukaingia, ukakataa kutoka, tukavutana mimi na chuma mpaka wanafunzi wakajipanga pande mbili za baraza kama wako kiwanja cha mpira cha Amaan, upande mmoja ukinishangilia mimi na upande wa pili ukilishangilia kufuli.

"Tia mafuta, Dokta!" akapaza sauti Ilham, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akanitolea kichupa cha mafuta ya nazi mkobani mwake.

Nikatia. Wa kumi na nane, wa kumi na tisa, wa ishirini. Saa nne kasorobo, mwavuli wa Bi Thuwaiba ukatokeza getini. Jasho likanitiririka, mikono ikateleza, na ufunguo wa ishirini na tatu ukazunguka. Kufuli likaachia! Nikachomoa kalamu, nikaufyeka mwaka wa 1886 na kusimika 2025 mahali pake, nikafunga kioo, nikageuka. Bi Thuwaiba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba. Mbona umerowa hivyo, Hakim?"

"Joto tu, Bi."

Akautazama ubao kwa utulivu, akaitikia kwa kichwa, akapita. Ushindi ulikuwa wangu.

Ukumbini niliwakuta watu arobaini na mmoja. Nilidhani nimekosea chumba. Ilham akaninong'oneza kwamba picha ya tangazo ilikuwa ikizunguka kwenye simu tangu Jumatatu, na wengi wamekuja kumwona mtu anayealika wenzake mwaka 1886. Niliona aibu. Lakini walipokwisha kucheka hawakuondoka, na Bi Thuwaiba, safu ya mbele, alisikiliza hadi tanbihi ya mwisho. Nilifurahi, sina namna ya kulipamba hilo.

Kisha Bi Bashira akaniletea karatasi ya mahudhurio, ili tukio liingie katika habari za Idara. Mstari wa kwanza ulikuwa na saini ya Bi Thuwaiba, na penye tarehe, kwa hati ileile iliyonirudishia insha, pameandikwa: 12 Novemba 1886. Chini yake watu arobaini walikuwa wamenakili vivyo hivyo.

"Mjukuu wangu alinionesha picha juzi," akasema Bi Thuwaiba, akifungua mwavuli wake. "Nimefuata waraka wa asili, mwanangu, kama nilivyokufundisha."

Nikamwomba Bi Bashira karatasi nyengine.

"Ishatiwa saini hiyo, Dokta, haibadilishwi. Nnaipeleka kwenye faili."

Basi jueni, enyi mliopo na mtakaokuja, kwamba mhadhara wa Abdulhakim ulifanyika mwaka 1886 na ukumbi ukajaa. Waraka upo, mashahidi ni arobaini na mmoja, na hapana mwanahistoria mwenye akili atakayewapinga. Nami nikachukua kalamu, nikatia saini ya arobaini na mbili, na penye tarehe nikaandika kama wenzangu.