Malalamiko Kuhusu Utepe wa Bluu Uliopachikwa Kwenye Kibaraza Changu

Mtaa wa Walnut,
Pleasant Fork, Ohio.
Jumatano, 22 Oktoba

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika kutuletea gazeti kila Ijumaa. Mimi ni Vernon Stuckey, fundi bomba mstaafu, msomaji wenu kwa miaka thelathini na minane. Sijawahi kuwaandikia, hata ile siku mlipotangaza msiba wa mjomba wangu mkaweka picha ya ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Nilinyamaza. Safari hii sinyamazi.

Unajua kwamba kila Oktoba kamati ya mtaa wetu hupita kukagua mapambo ya Halowini, ile sikukuu ya kutishana ya mwisho wa mwezi, na kwamba kwao kila kinachotisha lazima kitengenezwe kwa vitu vya nyumbani. Cha dukani hakiruhusiwi. Majaji hutazama kutoka barabarani, hawabishi hodi wala hawaulizi swali, eti wasije wakakaribishwa keki wakapendelea. Jumamosi walipita. Jumapili, baada ya ibada, wakamtangaza mshindi mbele ya watu wote. Mshindi ni mimi.

Bwana Mhariri, mimi sikupamba kitu.

Naomba uniruhusu nieleze nilivyodhulumiwa:

1. Ripoti ya majaji inasifu "utando wa uzi uliofumwa kwa subira kubwa kwenye madirisha yote ya mbele." Ule si uzi. Waliofuma ni buibui wenyewe, na subira walikuwa nayo kwa sababu hakuna aliyewagusa tangu Juni.

2. Inasifu pia "mzimu unaoelea kando ya nyumba, uliochakazwa kwa ustadi." Huo mzimu ni shuka yangu ya kitandani. Niliianika Agosti ikanyeshewa. Nikasema itakauka. Ikanyeshewa tena, ndege nao wakafanya yao, nikaona aibu kuianua mchana watu wakitazama.

3. "Maiti aliyefukiwa kwenye majani, miguu nje." Ni buti zangu. Nilizivua hapo chini ya mti, majani yakadondoka juu yake, basi. Na ile "mikono ya mfu inayong'ang'ania ukingo wa kibaraza" ni glavu za kuoshea vyombo, nilizoziweka zikauke siku ile niliyoosha vyombo. Sikumbuki ilikuwa mwezi gani.

4. Mwenyekiti wa majaji ni Bi Lavonne Hostetler, jirani yangu wa mkono wa kulia. Bibi wa wajukuu sita huyu, mwenye akili zake, anakusanya madumu ya maziwa mwaka mzima ili ayachoree macho na midomo na kuyawashia taa ndani. Ana popo wa trei za mayai ambao hata paka wangu anawaonea huruma. Anachana kitambaa cha kuchujia maziwa, anakichovya kwenye gundi, anakitundika mlangoni na kuwaambia watu wazima kwamba ni pepo. Vile vibomba vya ndani ya karatasi za chooni anavitoboa matundu mawili na kuvificha kwenye maua viwe macho ya mashetani! Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyenijia na utepe wa bluu wa mshindi mkononi, akaupachika kwenye nguzo yangu huku anacheka, akaniambia, "Hongera, Vernon. Mwaka mzima umejificha, kumbe ulikuwa kazini."

5. Kama uchafu ni sanaa, basi nadai haki zangu zote za usanii. Sinki langu lipelekwe makumbusho. Friji yangu ifunguliwe mbele ya wanafunzi, kwa zamu, walimu wakiwa karibu. Na kila mwanamume wa mji huu aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba apewe cheti cha ufundi, maana tuko wengi na hakuna anayetutambua.

6. Sasa nakuja kwenye linaloniuma hasa. Nimeambiwa kwamba Ijumaa hii mtachapa picha ya nyumba yangu ukurasa wa mbele. Mke wangu Arlene yuko Toledo kwa dada yake tangu Juni. Aliondoka tumegombana. Alisema kwa miaka arobaini na moja hajaniona nimeosha kikombe, na kwamba anataka kuona nitaishije bila yeye. Tangu hapo namwandikia kila wiki kwamba nyumba inang'aa, sakafu unaweza kulia chakula juu yake, asiwe na wasiwasi. Na gazeti lenu, Bwana Mhariri, humfikia Toledo kwa posta. Akiiona hiyo picha, atajua mimi ni mvivu, na pia atajua mimi ni mwongo. Uvivu alishauzoea. Kwa uongo hatarudi.

Ili kumaliza ubishi, jana na juzi nimefagia, nimepiga deki, nimefuta kila dirisha, nimechoma shuka, na buti nimezipiga kiwi. Mgongo wangu haufai kwa lolote sasa. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ile picha itupwe, utepe apewe mwenye madumu yake, na utume mpigapicha aje aipige nyumba ilivyo leo. Chini yake mwandike kwamba majaji hawakuona vizuri.

Nisalimie mkeo, mpiga chapa, yule binti wa mapokezi anayekohoa kwenye simu, na wote wanaoniulizia, kama wapo.

Wako aliyeonewa,
Vernon Stuckey

Tanbihi (Alhamisi asubuhi): Barua ilikuwa bado mezani Arlene alipopiga simu. Kumbe Lavonne alimtumia picha tangu Jumapili. Nilingoja matusi. Arlene alicheka mpaka dada yake akaja kuuliza kuna nini, kisha akatulia, akasema, "Miezi minne unaniandikia nyumba inang'aa, Vernon. Nikasema basi, huyu hanihitaji tena. Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia kweli kwamba sijala chakula cha moto tangu Julai. Akasema anakuja Jumapili, na nisiguse kitu mpaka aione nyumba yote kwa macho yake.

Kwa hiyo picha ichapwe, tena kubwa. Utepe haurudi kwa mtu. Mpigapicha asije kabisa, maana hapa panang'aa kama hospitali, na ningekuwa mwongo mara ya pili. Nimeshakwenda kwa Lavonne, nimeomba msamaha, na tangu saa moja asubuhi tuko mezani kwake tunachana kitambaa na kukichovya kwenye gundi, tupate utando wa kurudisha madirishani kabla ya Jumapili, naye anasema sina mkono wa kazi hii.

Nilimuuliza Arlene kama anakuja kutazama tu au anakuja na mizigo. Akasema nimpishe nafasi kabatini.