Ombi la Kugawana Nywele za Kichwa cha Mwenda

Muthomi wa Miche,
Soko la Kiirua.

Kwa Mzee Kaburu,
Mwenyekiti wa Wazee wa Ukoo.

Mzee wangu mpendwa,

MINTARAFU: NYWELE ZA MAREHEMU BABA ZILIZOSHIKILIWA NA NDUGU MMOJA

Nakuandikia nikiwa na afya njema kuanzia kwenye nyusi kushuka chini. Juu ya nyusi ndiko kwenye kesi. Najua wazee mna mengi, na ile ya ng'ombe wa Cicily na mahindi ya kanisa haijaisha, lakini yangu haiwezi kungoja. Binti yangu Kajuju anaolewa Desemba, na nataka kumsindikiza kanisani nikiwa baba yake. Kwa sasa jambo hilo lina shaka, kama malalamiko haya yatakavyoonyesha:

1. Siku wakwe walipotoka Embu kuleta posa, nilisimama langoni na koti langu jipya kuwapokea. Msemaji wao, Bwana Njue, alinishika mkono kwa heshima nyingi, akaniita babu kwa lugha ya kwao: "Guka, wewe kaa tu hapa kwa jua upate joto, sisi tunatafuta baba ya msichana." Wakaenda moja kwa moja kwa kaka yangu Mwenda, wakamkumbatia, wakamfunika lile blanketi la heshima analoletewa baba wa bibi harusi. Mwenda ana miaka hamsini na tano, mimi arobaini na tisa. Mimi nililetewa supu bila mifupa na kuulizwa kama meno bado yapo. Mzee, niliumia sana, lakini supu niliinywa kwa sababu ya Kajuju. Blanketi hilo mpaka leo liko kwa Mwenda, Majimbo, Embu, likimpa joto mtu ambaye hakumzaa Kajuju.

2. Nikaenda kwa daktari mmoja wa ngozi, Meru mjini. Alinieleza kwa subira. Wanaweza kukata ukanda wa ngozi kisogoni, wakashona pale, halafu nywele za ukanda ule wakazipanda mbele. Au wanang'oa moja moja na mizizi yake na kuzihamishia utosini, kazi ya siku nzima. Sikushangaa, maana miaka ishirini sasa kazi yangu ni kuhamisha miche kutoka kitaluni. Lakini alipokitazama kisogo changu kwa kioo cha kukuza, alitikisa kichwa, na chake kina nywele. Miche niliyobaki nayo haitoshi hata kupanda ukingo wa paji la uso.

3. Nikamwambia kitalu kipo, kiko kichwani kwa kaka yangu. Akasema nywele za mtu mwingine mwili huzikataa. Nimemsamehe, kwa sababu ni kijana na hajawahi kushika kisu cha kubebeshea. Mimi nimebebesha parachichi la kisasa juu ya shina la kienyeji, vikonyo nikavitoa kwa jirani ambaye hatusalimiani, na mti ukashika, ukazaa. Ikiwa mti unapokea kikonyo cha adui, kichwa changu kitakataaje nywele za mtu tuliyenyonya titi moja?

4. Mwenda mwenyewe anazifuja. Kila wiki mbili anaingia kwa kinyozi pale Majimbo, zinakatwa, zinafagiliwa, zinatupwa jaani pamoja na maganda ya ndizi. Mali ya ukoo hiyo. Mimi huku nafuta kichwa kwa kitambaa na kuita hiyo kuchana.

5. Baba alizikwa na nywele zake zote, na wazee mlikuwepo mkaziona. Mwenda alizaliwa kwanza, akazirithi zote bila kikao na bila shahidi, mimi nikiwa sijazaliwa nijitetee. Wapi mliona kifungua mimba akichukua shamba zima na mdogo wake akaachiwa ua? Sheria yetu haina kona: alichoacha baba hugawanywa sawa kwa wana wote, na ambaye hakuwepo siku ya kugawa hasahauliwi.

Kwa hivyo naomba Mwenda asinyolewe mpaka kesi isikilizwe. Wazee waende Embu na kamba, wapime kutoka sikio hadi sikio, na mimi nipewe nusu ya nyuma. Ya mbele abaki nayo, mimi si mchoyo. Akilalamika kwamba itauma, mkumbusheni kuwa sote wawili tulitahiriwa na hakuna aliyelia. Tafadhali msivute siku, kwani daktari alisema nywele zikipandwa hukaa miezi kabla ya kuonekana, na harusi haiwezi kungoja zichipue.

Wasalimie wazee wote, Mama Winrose, wanakwaya, na hata yule jirani wa vikonyo ukimwona.

Mwana wenu, ambaye kwa sasa haonekani bila kofia,
Muthomi.

Nakala: Ndugu Mwenda, Majimbo, Embu.

Nyongeza: Nilimtumia Mwenda nakala kwa simu kabla ya kuleta hii, asije akasema amevamiwa. Amejibu upesi mno. Anakubali kila neno. Anasema Jumamosi anakuja na saveya wa kupima mashamba, na kwa kuwa alichoacha baba hugawanywa sawa, tutaanza na lile shamba la mtoni ambalo baba alinipa mimi peke yangu yeye akiwa chuoni, akarudi akakuta amebakiziwa kilima cha mawe. Nywele, anasema, zitafuata. Nimetoka nje nikaitazama miparachichi yangu yote katika shamba hilo la mtoni, mstari kwa mstari, nikarudi ndani. Mzee, ichane barua hii. Baba alijua alichokuwa akifanya, na mambo ya marehemu hayafukuliwi. Ila ukikutana na Bwana Njue kabla ya Desemba, mwambie polepole, pasipo na watu, kwamba baba ya Kajuju ni yule mwenye kipara.