Kitoweo cha Wadudu wa Mlandizi

Lori la dizeli lilipopinduka kwenye shamba la mchicha la Bi Mwanaamina, pale Mlandizi, watu walikimbilia na ndoo. Mwaka ule wa 1980 dizeli ilikuwa adimu kuliko sukari. Ardhi ikawawahi, ikainywa yote. Mpita njia mmoja, Twalibu, peke yake alifika mikono mitupu, maana hakuja kutazama dizeli. Alikuwa akitazama ghala la kijiji, lenye mifuko kumi ya mbolea ya chumvichumvi ikisubiri mvua.

Tumtendee haki Twalibu: hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, yeye alifunguliwa.

Kesho yake akarudi na suti ya Kaunda, kalamu tatu mfukoni, akamkuta Mwenyekiti Matano shambani pamoja na Bi Mwanaamina. Mjane yule alikuwa akilia waziwazi. Mchicha ule ndio uliokuwa ukilisha wajukuu zake wanne.

"Shikamoo, mama. Natoka Wizarani, Idara ya Udongo."

"Marahaba, baba. Utaniondolea mafuta haya?"

"Mimi? Hapana. Wadudu." Twalibu akachota udongo, akaunusa kwa heshima kubwa. "Humu mna wadudu wasioonekana kwa macho. Dizeli wanaila, ila kwao ni ugali mkavu. Wamekosa kitoweo! Kitoweo chao ni naitrojeni, imo kwenye mbolea ya chumvichumvi. Wapeni mifuko kumi, watalamba mpaka sahani."

Mwenyekiti hakutaka kuonekana hawajui wadudu wa Serikali. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo, na ghala likafunguliwa.

Mifuko miwili ilipokwisha kumwagwa na kuchanganywa na udongo kwa jembe, Twalibu akanyoosha mkono.

"Basi! Chumvi ikizidi wanavimbiwa, wanakufa. Hii minane nairudisha Wizarani."

Uongo huo aliupenda kuliko wote aliowahi kuusema, na alikuwa amesema mwingi.

"Nenda ukale kwanza, baba," akasema Bi Mwanaamina, akijifuta machozi. "Kwa Mwenyekiti kuna wali wa nazi na kuku. Mifuko mingine imechanika. Sisi akina mama tutaishona, tukupakilie."

Twalibu akala mpaka akalegeza mkanda. Mifuko minane ikaondoka naye, imeshonwa vizuri, moja kwa moja hadi Kisarawe kwa tajiri Mwinyimadi, aliyelipia gari la kuibeba. Mwinyimadi akafungua wa kwanza. Udongo mweusi, unanuka dizeli. Akafungua wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Hakupiga kelele. Alimvua Twalibu suti, viatu na kalamu zote tatu.

Miezi mitano baadaye, Twalibu akatokea Mlandizi na kaptura ya kuazima, amekuja kudai haki yake, ingawa hakuwa na hakika ni haki gani. Akamkuta Bi Mwanaamina akimwagilia. Mchicha ulikuwa umefika magotini.

"Ulinibadilishia mifuko!"

"Marahaba," akajibu bibi, kwa shikamoo ambayo haikutolewa. "Hivi mtu wa Wizara anafika kijijini asiombe kitabu cha wageni? Hata anayeharisha husaini kwanza. Nilikujua siku ileile."

"Sasa mbona uliniachia niendelee?"

"Kamati ya kijiji isingempa mjane hata kopo moja la mbolea. Wewe ulilifungua ghala kwa kalamu tatu. Mfa maji haachi kutapatapa, nikasema nijaribu. Mbolea ya ile minane ilirudi ghalani ukiwa bado unamtafuna kuku."

Twalibu akachota udongo, akaunusa. Harufu ya dizeli ilikuwa karibu imekwisha. Akakaa chini katikati ya matuta.

"Lakini nilikuwa nadanganya, mama! Hakuna wadudu! Niliwatunga mwenyewe, nikinywa chai!"

Bi Mwanaamina akamchumia fungu la mchicha, akampa.

"Najua, mwanangu. Wadudu ndio hawakujua."