Kuhusu Ufa wa Bawa la Kushoto

Igowole, Mufindi
14 Juni 2024, mwaka wa kumi na saba tangu nihame Madibira

Ndugu Mkaguzi Anyelwisye,

Pokea salamu za kazi. Mimi ni Budeba, fundi mstaafu wa ndege ndogo ya misheni, niliyekufundisha kushika tochi. Jumatatu uliikataa ndege hiyo, siku tatu kabla haijanipeleka Madibira kwenye kaburi la mke wangu Kulwa, ambalo sijaliona tangu nihame. Nalalamika hivi:

1. Umeandika kwamba ndege ina miaka hamsini na moja. Mimi nina sabini na sita, na Jumapili nilikwenda kanisani na baiskeli. Hakuna aliyenifungua mbavu kwanza.

2. Umesema ukungu wa Igowole umelitia bawa kutu. Basi dawa ni kuiondoa ndege kwenye ukungu, yaani kuirusha. Wewe umeifungia humo humo.

3. Umesema chini ya bawa la kushoto kuna ufa wa urefu wa punje ya mchele, na bawa la aina hiyo halitengenezwi tena. Nimelima mpunga, punje naijua. Kama hiyo inatosha kuzuia safari, kagua pia kengele ya kanisa, daraja letu, na mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Sedekia, mwenye ufa tangu uchaguzi uliopita na bado anaendesha vikao.

4. Nilipokuomba uweke sahihi tu, ulinijibu mbele ya mafundi: "Mzee, si wewe uliyetufundisha kwamba anayeweka sahihi hupanda safari ya kwanza?" Kumrudishia mzee maneno yake, tena kwa usahihi, ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo naomba ujikague mwenyewe. Ukijikuta huna kasoro, ujisimamishe kazi, maana fundi wa namna hiyo hajawahi kuonekana Mufindi.

Msalimie mkeo Bupe, mafundi wote, na rubani Brayson, mjukuu wangu, aliyekuwa ameshajaza mafuta.

Wako, mwenye begi lililofungwa,
Budeba

Nyongeza: Lile duara la chaki nyekundu ulilolikuta kwenye ufa nililichora mimi, Jumapili baada ya ibada. Kuutamka ufa huo kwa mdomo nilishindwa, na kumpandisha Brayson, mtoto wa binti yangu Veronika, ndegeni humo nilishindwa zaidi. Baiskeli niliisukuma njia nzima. Daktari naye ameukagua mgongo wangu na kuukatalia safari ndefu ya barabara. Mwambie Brayson atoe mafuta. Sitarudi Madibira.