Sambusa Thelathini kwa Matajiri wa Marekani

Jumanne, 6 Mei 2003

Balaa! Mwalimu Darshan wa darasa letu la Kiingereza katangaza mjadala Jumanne ijayo: je, Marekani iwapunguzie matajiri kodi? Atakayelielewesha darasa vizuri zaidi atapewa cheti cha kuzungumza.

Cheti hicho nakitaka kwa udi na uvumba. Mkuu wa jikoni wa shule ninayopikia, hapa Thamesmead, anastaafu, na mwalimu mkuu kasema cheo hampi mtu asiyeweza kusimama mbele ya watu akasema Kiingereza. Miaka kumi na moja namenya viazi vya watoto wa Waingereza!

Tukaokota vijikaratasi. Nikamwomba Mola anipe upande wa maskini, maana huo naujua bila kusoma. Nikapata matajiri. Maskini kapata nani? Priscilla, Mkenya anayehudumia wazee. Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Kanitazama, kasema, "Pole, Mama Haifa." Pole yake aipeleke Nairobi.

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia Priscilla simu. Nikamwambia namhurumia, upande wake mgumu, tubadilishane. Kacheka mpaka nikakata mwenyewe.

Nikamgeukia binti yangu Haifa, anasoma uchumi chuoni. Yeye hujibu Kiingereza hata nikimwuliza kama kala. Kasema wapo wanaodai tajiri akiachiwa fedha zake atafungua viwanda, ataajiri watu, na neema itadondoka mpaka chini. Nikamwambia cha kudondoka kutoka juu nakijua: maji ya bafu la jirani wa ghorofa ya tatu. Kasema wengine wanapinga, ati tajiri hubaki nazo na pengo likazidi. Hao wengine sikuwaandika. Si upande wangu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata! Nikiwa nakaanga samaki wa Ijumaa, ikanijia yote kwa mpigo. Sitahutubia. Nitaonyesha! Sambusa thelathini. Matajiri wawili, kila mmoja kumi na tano. Watawagawia maskini kumi wa darasa kwa ukarimu wao wenyewe, bila serikali kuwashika mkono. Watu washibe, hoja iishe.

Matajiri nimeshawachagua. Norbert, mlinzi wa duka, mwili kama kabati lakini mpole. Na Hansa, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, mtu wa dini. Wote wawili wameniapia watagawa. Hansa hali nyama, basi zitakuwa za viazi na njegere.

Jumatatu, 12 Mei

Priscilla kanikuta sokoni, kauliza viazi vyote hivi vya nini. Nikasema wageni. Kasema yeye keshaandika kurasa sita. Masikini! Kurasa haziliwi.

Jumanne, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilisimama. Nikasema kwa Kiingereza safi: hawa ndio matajiri, ninyi ndio maskini, subirini. Nikawapa sinia zao. Darasa zima likasubiri. Harufu ya bizari imejaa chumba.

Norbert katoka kazini hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Kala moja. Ya pili. Nikamkonyeza. Kadhani namkaribisha, kala ya tatu. Hansa yeye hakula hata moja. Kazifunga zote kumi na tano kwenye karatasi, za wajukuu, kazitia mkobani, kafunga zipu. Nikanong'ona, "Hansa, ulikula kiapo!" Akanijibu, "Nitagawa, dada. Nyumbani."

Zogo! Mtu kagonga meza. Mwingine kasema huu ni wizi. Nikakiona cheo changu cha jikoni kinakwenda.

Zamu ya Priscilla. Kashika kurasa zake sita, hakusoma hata mstari. Kapiga kelele, "Hata moja! Hata kipande!" Akakaa.

Mwalimu Darshan kainuka, anapiga makofi, machozi yanamlengalenga. Kasema miaka ishirini anafundisha, hajaona mtu aliyepewa upande wa matajiri akaubomoa kwa ujasiri namna hii. Kila mmoja leo kaelewa tumboni mwake. Cheti ni cha Bi Mwanabaraka!

Mie? Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mlangoni Priscilla kaniambia nimeshinda kwa kushindwa. Nikamwambia kushinda ni kushinda, shoga.

Ijumaa, 23 Mei

Mkuu wa jikoni! Funguo ziko kiunoni, zinalia nikitembea. Nimezunguka kiwanja cha shule mara mbili bila sababu.

Na bado! Chuo chetu cha Kiingereza kimenichagua niwakilishe darasa kwenye mjadala mkubwa wa Juni: je, Marekani imtibu mgonjwa asiye na fedha? Upande wangu: serikali isiingilie, madaktari wenyewe wana huruma. Rahisi! Tena nadharia yangu ya sambusa ilikuwa sahihi kabisa, kasoro matajiri tu.

Nitaonyesha tena. Norbert atalala mezani kama mgonjwa, anagumia. Daktari wa kumtibu bure anatakiwa awe mtu anayejua kazi ya wagonjwa, basi nimemwomba Priscilla. Kakubali papo hapo. Kanishika mkono, kaapa mbele ya Mungu atamtibu Norbert vizuri sana, na katabasamu mpaka gego la mwisho.

Moyo wangu umetulia.